Maganda ya ndizi, mrututu, na nguruwe wa mama mpishi

Mjomba alinipigia simu Jumapili moja ya mwezi wa tano, ndiyo kwanza nimetoka kanisani navua viatu. Hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri. "Mpwa, wewe si ndiye mtu wa maabara? Njoo uone maji ya kisima changu. Yamekuwa kioo!"

Mjomba anaishi wilayani Chunya, kijiji nitakiacha bila jina. Nyumba yake iko kama mita mia mbili kutoka kwenye mwalo. Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika machimboni: mwalo ni pale ambapo mawe ya dhahabu yakishasagwa kwenye karasha yanaletwa kuoshwa. Unga wa mawe unamiminwa na maji juu ya ubao uliotandikwa magunia, vilivyo vizito vinanasa kwenye nyuzi, vyepesi vinakwenda na maji. Kilichonasa kinakung'utwa kwenye karai, inatiwa zebaki, mtu anakoroga kwa mkono mtupu mpaka zebaki ikusanye dhahabu yote kuwa donge. Donge linachomwa. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Kinachomwagika kwenye karai kinaelekea bondeni, na kisima cha mjomba kiko upande wa bonde.

Kwa hiyo aliposema "kioo", mimi sikufurahi. Niliogopa.

Jumamosi iliyofuata nikapanda basi dogo. Barabara ya Mbeya kwenda Chunya inapanda mlimani mpaka masikio yanaziba, ukungu na baridi, kisha inakuteremsha upande wa pili kwenye joto na miombo kama vile umehama nchi. Nilimkuta mjomba amepanga chupa mbili mezani. Moja ina maji ya kisima kama yalivyo tangu masika, rangi ya chai ya maziwa. Ya pili maji hayohayo baada ya kutiwa mbegu za mlonge zilizotwangwa. Kweli, kioo. Ungeweza kusomea gazeti upande wa pili. Alikuwa ametumiwa video kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, jamaa mwenye koti jeupe anasema mlonge "unatoa sumu zote kwenye maji, hadi zebaki". Mjomba alikuwa na siku kumi anayanywa.

Nataka kuutendea haki mlonge kwanza, maana si uongo mtupu. Mbegu yake ina protini zenye chaji chanya, na vumbi la udongo linaloelea kwenye maji lina chaji hasi. Ukizikutanisha zinashikana, zinakuwa mabonge, yanazama. Wanawake wa Sudan walikuwa wakisafisha maji ya Nile kwa mbegu hizo kabla ya mtafiti yeyote kuwaandika, na aliyekuja kuieleza kazi yao kwa dunia ya sayansi, kuanzia miaka ya 1970, ni mama mmoja Mjerumani, Samia Al Azharia Jahn. Tope linapozama linazama pia na vijidudu vingi vilivyojibanza humo, na metali zilizoganda kwenye chembe za udongo nazo zinakwenda chini. Hayo yote ni kweli. Ila metali iliyokwisha kuyeyuka ndani ya maji haielei kama tope. Imo kama chumvi ilivyo ndani ya mchuzi.

Ndivyo nilivyomwambia, na hakunielewa. "Mbona hayana rangi?" Nikachukua glasi ya maji ya chupa niliyokuja nayo, nikatia kijiko cha chumvi, nikakoroga mpaka ikapotea.

"Mjomba, haya yana rangi?"

"Hayana."

"Onja."

Akaonja, akatema dirishani, akanyamaza kidogo. Halafu akauliza swali la pili ambalo kila mtu huuliza: je, nikiyachemsha? Nikamwambia vijidudu vina roho, ukivichemsha vinakufa. Zebaki haina roho. Risasi, namaanisha ile metali nzito, haina roho. Ukichemsha sana maji ndiyo yanapungua, risasi inabaki palepale, sasa kwenye maji machache zaidi. Na dawa ya klorini nayo ni hivyohivyo, kazi yake ni kuua, na hapa hakuna cha kuua.

"Basi wewe mwenye maabara," akasema, "nitafutie kinachotoa."

Hapo ndipo nilipojiingiza.

Maabara yenyewe msiikuze vichwani mwenu. Mimi ni fundi wa maabara kwenye shule ya kata upande wa Uyole, jijini Mbeya. Nina testityubu, chupa ya amonia, mizani ya kusoma desimali mbili, na sinki lenye bomba ambalo maji hutoka siku tatu kwa wiki. Mashine ya kupima zebaki sina, na hata ningekuwa na zebaki yenyewe nisingeifungua kwenye chumba ambacho watoto wa kidato cha pili wanashika kila kitu. Kwa hiyo nilitafuta metali ya kuigiza, inayoonekana kwa macho. Nikachagua shaba, kutoka kwenye mrututu. Wazee wanaolima kahawa Mbozi na Rungwe wanaujua mrututu, yale mawe ya bluu yaliyokuwa yakichanganywa na chokaa kupulizia mikahawa. Uzuri wa shaba ni kwamba ukidondoshea amonia ya kutosha inajitangaza: maji yanageuka bluu nzito, kama wino. Hata ikiwa kidogo inaonekana.

Na kwa upande wa kunasa nikachagua maganda ya ndizi. Sababu ya kwanza ni ya kivivu: Uyole tuna ndizi. Malori yanakuja kutoka Tukuyu na Kiwira, mikungu inamwagwa sokoni, na jikoni kwetu shuleni kila Jumatano ni ndizi na maharage. Sababu ya pili ni kwamba nilikuwa nimesoma kuhusu watafiti wa Botucatu, Brazil, waliochapisha mwaka 2011 kazi yao ya maganda ya ndizi kunasa risasi na shaba. Walipata kwamba gramu moja ya ganda lililosagwa inabeba takriban miligramu 40 za risasi, au kama 20 za shaba. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikachukua kalamu.

Siri iko kwenye ukuta wa chembehai za mmea. Ganda la ndizi, pumba za mpunga wa Usangu, randa ya msonobari wa Mafinga, magome ya miwati ya Njombe, majani ya chai, yote yamejengwa kwa selulosi, lignini, pektini na tanini, na vitu hivyo vina ncha nyingi ndogondogo zenye chaji hasi. Nilivyowaeleza wanafunzi, ganda ni daladala ya Uyole kwenda Mbalizi. Ncha ni viti. Kwa kawaida viti vimekaliwa na abiria wapole: kalisi, potasi, haidrojeni. Inapopita shaba au risasi, mwenye misuli, anamwinua yule mpole na kukaa yeye. Maji yanatoka yamebeba kalisi badala ya risasi, na kalisi haimdhuru mtu.

Mchezo wa kwanza ulikuwa aibu. Ilikuwa Juni. Anayeijua Uyole ya Juni anajua hata soksi hazikauki. Nilitandika maganda kwenye mabati nyuma ya maabara, siku ya tatu yakaota ukungu wa kijivu kama manyoya ya paka. Nikayatupa. Awamu ya pili nikayakata vipande vyembamba, nikayakausha kwenye ungo juu ya jiko la mkaa linalofifia, nusu yakaungua. Yaliyobaki nikayatwanga kwenye kinu cha mama mpishi na kuyachekecha. Ndoo nzima ya lita 20 ya maganda mabichi ikatoa unga ambao haukujaza vizuri kopo la kilo. Nalitaja hili kwa sababu zile video za mitandaoni hazionyeshi kamwe hatua ya kukausha. Ganda linatokea mkononi mwa mtu likiwa tayari ni unga.

Nikapima gramu 0.4 za mrututu, nikayeyusha kwenye lita moja ya maji. Mrututu robo tu ya uzito wake ndiyo shaba, kwa hiyo lita ile ilikuwa na kama miligramu 100 za shaba. Nikatia gramu 10 za unga. Kufuatana na hesabu ya Brazil, gramu 5 zingetosha, nikaweka mara mbili. Nikatikisa kila baada ya dakika kumi kwa saa mbili, nikachuja kwa kitambaa kisha kwa karatasi.

Maji yakatoka ya kahawia. Kahawia kabisa, na harufu ya pombe ya ndizi changa. Nikatia amonia yakazidi kuwa kahawia. Sikuweza kuona bluu wala kukosekana kwa bluu. Ganda lilikuwa limetoa tanini na sukari zake na kunivurugia kila kitu. Mwalimu wa kemia akapita, akachungulia, akaniuliza kama natengeneza togwa.

Kumbe lazima ulioshe. Nikaloweka unga kwenye maji ya moto, nikamwaga, nikarudia mara tano mpaka maji ya kumwaga yakawa karibu meupe, nikaukausha upya. Safari hii yalipotoka kwenye chujio yalikuwa na umanjano kidogo tu. Nikapanga ngazi yangu: testityubu ya kwanza ina mchanganyiko wenye miligramu 100 kwa lita, ya pili nimeipunguza nusu, 50, ya tatu 25, ya nne 12.5, ya tano 6.25. Zote nikazitia amonia sawa. Bluu zikashuka kama ngazi kutoka wino mpaka anga la asubuhi. Kisha nikatia amonia kwenye maji yaliyopita kwenye ganda, nikayasogeza kwenye ngazi. Yakakaa kati ya ya nne na ya tano.

Nilipiga kelele. Watoto wa kidato cha tatu waliokuwa nje wakaingia. Kutoka 100 mpaka kama 10! Asilimia 90 kwa taka za jikoni! Mmoja wao, binti mwenye maswali kuliko wote, akasema, "Madam, tuongeze limau, si linasafisha zaidi?" Nikamwachia ajaribu. Akakamua limau zima kwenye lita nyingine, tukatia unga uleule safi, saa mbili. Bluu ikarudi karibu na ya pili. Alihuzunika kama vile kafeli mtihani, kumbe katupatia somo zuri kuliko langu: limau ni asidi, asidi ni haidrojeni nyingi, na haidrojeni zimewahi viti vyote kabla shaba haijafika stendi. Ndiyo maana maji yenye uchachu, kama yanayotoka kwenye machimbo yenye mawe ya salfa, ndiyo magumu kuyasafisha kwa maganda, na ndiyo hayohayo yanayobeba metali nyingi. Mambo ya dunia.

Usiku nikiwa kitandani furaha ikaniisha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha shaba kwenye maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita. Mimi nilikuwa na 10. Asilimia 90 imeondoka na bado ni mara tano ya kinachoruhusiwa. Nikahamisha hesabu kwenye risasi, ambayo kiwango chake ni miligramu 0.01. Maji yenye miligramu 1 tu, ukitoa asilimia 90, inabaki 0.1, yaani mara kumi. Kwa zebaki kiwango ni 0.006. Nilikokotoa kwenye simu gizani: tone moja la zebaki, lenye uzito wa kama nusu gramu, lingeyeyuka lote lingetosha kufikisha kiwango hicho kwenye lita zaidi ya 80,000. Maboza nane ya lita elfu kumi. Tone moja. Bahati yetu zebaki ikiwa bado ya kumetameta haiyeyuki kirahisi hivyo, lakini ikishakaa kwenye matope bakteria wanaigeuza kuwa aina nyingine inayoingia kwenye samaki, na hiyo ndiyo iliyowapooza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956.

Tangu usiku ule nikisikia "inaondoa asilimia 90" nauliza: ya ngapi?

Sasa nije kwa nguruwe.

Nilitaka kujua ganda linachoka lini. Unga uleule nikaupitishia lita ya pili ya maji ya mrututu, ikatoka na bluu zaidi. Ya tatu ikatoka karibu kama ilivyoingia, daladala imejaa, konda ananing'inia mlangoni. Wale wa Brazil waliweza kutumia ganda lilelile mpaka mara 11, lakini kila mara walikuwa wanalisuuza kwanza kwa asidi. Nikataka kuona kwa macho. Nikachukua kijiko cha unga uliochoka, nikautia asidi hafifu ya haidrokloriki, nikatikisa, nikachuja. Maji safi. Nikatia amonia mpaka asidi ikaisha nguvu na ikazidi kidogo. Bluu. Bluu ya wino, nzito kuliko testityubu ya kwanza. Shaba yote ilikuwa mle, imekaa kwenye viti vyake, inasubiri mtu aje na asidi.

Nikaacha ule unga uliochoka, kama nusu kilo kwa majaribio yote, kwenye mfuko wa salfeti chini ya meza karibu na mlango, nikaenda kusaini mahudhurio. Niliporudi mfuko haupo.

Mama mpishi wetu anafuga nguruwe wanne. Kwa miaka yote niliyokuwa pale, kila ganda la shule ile ni la nguruwe wake. Ndizi, viazi, makapi ya mahindi, yeye hupita na kusomba. Aliona mfuko wenye harufu ya ndizi, akadhani nimemwekea. Nilikimbia kuteremka kile kilima na koti la maabara linapepea, nikavuka mfereji, nikamkuta anamimina kwenye beseni la pumba. Nguruwe wameshasimama na miguu ya mbele juu ya ubao wa banda. Nikalishika beseni. Tukavutana. "Madam, kulikoni, si ndizi hizi?"

Nikamwambia zina sumu. Akanitazama muda mrefu. "Ndizi za Tukuyu?"

Nilipokaa chini kwenye kile kinyesi cha nguruwe kupumua ndipo nilipoelewa tatizo langu lilipo. Nyanda za Juu Kusini hakuna ganda linaloitwa taka. La ndizi ni la nguruwe, la mahindi ni la ng'ombe, magunzi ni kuni, pumba ni za kuku na za kuchomea tofali, majani ya chai yaliyokamuliwa yanakwenda kwenye bustani ya maua. Ukimfundisha mtu kunasa risasi kwa ganda halafu ukaondoka, lile ganda jioni lipo bandani. Au kwenye shimo la mbolea, na kutoka hapo kwenye mchicha. Umeichukua metali iliyotawanyika kwenye mapipa ya maji, ukaikusanya kwenye kilo moja ya chakula cha mifugo. Afadhali ungeiacha.

Agosti nikarudi Chunya. Nilikuwa nimemwambia mjomba kwa simu kwamba aache kabisa kunywa maji yale, na yeye, mzee mwenye heshima zake, alikuwa amenitii nusu: anakunywa ya bomba la kituoni, anapikia ya kisima. Binamu yangu ni mlinzi kwenye kiwanda cha kuchenjulia marudio. Marudio ni ule mchanga ambao umeshatolewa dhahabu kwa zebaki. Bado una dhahabu kidogo, unauzwa kwa wenye matangi ya saruji wanaoumwagia sayanidi, sumu inayoyeyusha dhahabu ndani ya maji. Nikampelekea chakula cha mchana. Pembeni ya matangi kulikuwa na mapipa yaliyofungwa kwa kufuli, maji ya sayanidi yanapita ndani yake kwa bomba.

"Humo kuna nini?"

"Kaboni, dada."

Nimesikia neno kaboni machimboni tangu utotoni na sijawahi kulitafakari. Kaboni ni mkaa wa vifuu vya nazi, uliochomwa kwa namna maalumu mpaka ukawa na vishimo visivyohesabika. Maji yenye dhahabu iliyoyeyuka yakipita, dhahabu inanasa humo. Ikishajaa, kaboni inapelekwa kwenye mtambo mwingine inasuuzwa kwa dawa ya moto, dhahabu inaachia.

Nilicheka peke yangu mpaka binamu akaniuliza kama jua limenipata. Mimi nahangaika na kinu na ungo kule Uyole, kumbe Chunya nzima inajua kunasa metali kwenye maji kwa kitu cha mmea. Wanafanya kila siku. Tena wanajua na lile ninalolitafuta: kaboni iliyojaa haiachwi mlangoni. Ina kufuli, ina mlinzi mwenye rungu, ina daftari la kusaini inapotoka, kila gramu ina mwenyewe. Kwa sababu ndani yake kuna dhahabu. Ganda langu lenye risasi nani atalilinda kwa rungu?

Nikamweleza mjomba jioni kwa lugha hiyo, na safari hii hakuhitaji glasi ya chumvi. "Kwa hiyo ganda likishanasa," akasema, "ni kaboni isiyo na mnunuzi." Sikuwa nimelisema vizuri hivyo mimi mwenyewe.

Kisha nikamwambia na habari mbaya ya ziada, kwamba kwa maji ya upande ule maganda huenda yasifanye hata kazi iliyofanya kwenye mrututu. Marudio yana mabaki ya zebaki, na sayanidi ikiipata zebaki inaikumbatia. Mzigo ule wa pamoja hauna tena chaji chanya. Ama hauna chaji kabisa, ama una chaji hasi, na viti vya ganda vyenye chaji hasi vinaufukuza. Aseniki nayo, kwenye maji, hutembea na chaji hasi au bila chaji. Kila metali na mlango wake. Zebaki yenyewe inapenda salfa kuliko kitu chochote, kwa hiyo wanaotafiti huichukua pumba au randa na kuipachika salfa kwanza kwa kemikali. Hayo si ya kufanyia uani kwa mjomba.

Tulichofanya kilikuwa cha kawaida mno kwa mtu aliyesumbuliwa tangu Mei. Tulichukua sampuli ya kisima kwenye chupa safi, tukaipeleka kwenye maabara yenye mashine, tukalipa. Karatasi ya majibu ni ya mjomba, sitaiweka hapa. Sasa kisima kinafyatulia tofali tu. Tukafunga mfereji wa bati kwenye paa na kununua tangi la lita 2,000. Paa lake lina kama mita za mraba 40, mvua ya milimita 10 tu inampa lita 400, na Chunya ikinyesha haibembelezi. Mvua ya kwanza anaiacha ipite ioshe vumbi la mabati, hasa lile linalotoka upande wa wachoma dhahabu. Mbegu zake za mlonge bado anazo, na nilimwambia azitumie ikibidi kwa maji ya mto yenye tope, lakini yasilale zaidi ya siku moja maana mabaki ya mbegu yanavunda, na lazima yachemshwe. "Ndaga fijo, mpwa," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, halafu akaomba nimwandikie mtu wa video. Nimemwandikia. Amenifungia.

Maganda sikuyaacha. Kila muhula darasa la vitendo linamwaga kwenye sinki shaba, zinki, na wakati mwingine risasi, na bomba la sinki lile linatoka nje kwenda kwenye mfereji nilioruka siku ya nguruwe. Nilikuwa namwaga miaka yote bila kuwaza. Sasa maji machafu ya maabara yanakwenda kwenye ndoo, yanatiwa chokaa kidogo kupunguza uchachu, metali nyingi inaganda chini kama uji, halafu yaliyo juu yanapita kwenye ndoo ya pili yenye unga wa maganda uliooshwa. Kazi hiyo maganda wanaiweza, maana hakuna anayekunywa maji yale. Nataka tu yatoke yakiwa afadhali kuliko yalivyoingia. Binti wa limau ndiye anayesimamia. Ana daftari.

Ndoo ya kwanza ya unga uliochoka ina mfuniko, imezungushiwa waya, imeandikwa kwa rangi nyekundu, iko stoo nyuma ya ramani za jiografia. Ya pili imejaa Oktoba. Nimekwenda kwenye ofisi moja kuuliza taka za namna hii zinapelekwa wapi, nikaambiwa niandike barua. Nimeandika barua. Nimeambiwa barua ipitie kwa mkuu wa shule. Imepitia.

Mama mpishi akija kuchukua kinu chake huchungulia stoo kwanza. Juzi alisimama pale mlangoni na gunia lake la maganda mabichi ya Jumatano mgongoni.

"Madam, na hizi za leo ni za kwako au za kwangu?"

"Za leo zako."

"Zote?"

"Nibakizie ndoo moja."

Akanihesabia ganda moja moja.